Sista Mwiko na nyumba zinazokataa kubomoka

Jua bado halijapata nguvu. Mwanamke wa miaka sitini na tatu amesimama juu ya jukwaa la mbao, shela ya kitawa kichwani, gauni la kijivu limekunjwa na kuchomekwa ndani ya suruali ya kazi, miguuni mabuti ya mpira. Mkono wa kulia umeshika mwiko wa kujengea. Wa kushoto, uliopinda kwenye kifundo, umebana tofali kifuani.

"Saruji!" anaita. "Nani amelala na saruji yangu?"

"Inakuja, Sista! Usitufokee kama baba mkwe," anajibu mwanamke mmoja kutoka chini, karai kichwani. Wenzake wanaangua kicheko.

Anaweka tofali, analigonga kwa mpini wa mwiko, anafumba jicho moja na kulitazama. Haridhiki. Analing'oa. "Limelala kama mlevi," anasema, na anaanza upya.

Jina lake la kitawa wanalijua wachache. Kwa wakazi wa mtaa huu uliobanwa kati ya reli ya zamani na mfereji wa maji machafu, yeye ni Sista Mwiko. Jina lenyewe lilianza kama kejeli. Wanaume waliozoea kucheza drafti kibarazani walipomwona akijenga, walisema ni mwiko kwa mwanamke kushika mwiko, na kwa mtawa ndiyo kabisa. Maneno yakamfikia. Hakuyaacha yapite.

"Niliwafuata na chombo chenyewe mkononi," anakumbuka. "Nikawauliza, mwiko upi mnaousema? Huu wa kujengea, ule wa jikoni, au ule ulioko vinywani mwenu tu? Mmoja aliniuliza bei ya kupiga plasta chumba chake."

Kazi hii hakuisomea. Alizaliwa nchi nyingine, mtoto wa fundi mwashi. Kaka zake walikuwa wakimkimbia baba yao, kwa hiyo yeye ndiye aliyembebea maji na mchanga tangu akiwa mdogo. Alipotangaza kwamba anaingia utawani, baba alinuna mwaka mzima.

"Siku ya nadhiri zangu alikuja, amevaa koti la kuazima. Akanipa timazi yake ya kupimia unyoofu wa ukuta. Akasema, kama huolewi, basi angalau nenda na kitu kilichonyooka."

Shirika lake lilimtuma hapa akiwa na miaka thelathini na nne, aje kufundisha kina mama ushonaji. Cherehani zilikuwepo. Pa kuziweka hapakuwepo. Familia nyingi ziliishi kwa kufua nguo za watu, kuponda kokoto na kuuza mkaa, na vyumba vyao vilivuja hata kwa umande. "Nilishona wiki mbili," anasema. "Ya tatu nikatafuta beleshi."

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda hivyo. Asubuhi masifu na misa, kisha ujenzi, jioni rozari. Watawa walikuwa watatu katika nyumba moja ndogo nyuma ya kanisa. Posho ya kila mmoja kwa mwezi haikutosha kununua mifuko mitatu ya saruji, kwa hiyo walijifunza kufyatua matofali wenyewe na kuyachoma kwenye tanuri kando ya mfereji.

Halafu vurugu zikaja.

Miaka minne iliyopita, baada ya uchaguzi ambao kila upande ulidai umeshinda, jirani alianza kumpima jirani kwa lafudhi yake. Waliosemekana asili yao ni ng'ambo ya mto waliambiwa warudi kwao. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapahapa.

"Niliwauliza, kwetu wapi?" anasema mama mmoja mfua nguo, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. "Ng'ambo ya mto sijawahi hata kwenda kuchota maji. Wakaniambia nikaijue leo."

Nyumba zilichomwa mchana kweupe, watu wakitazama. Familia sitini na mbili zilijazana kwenye ukumbi wa parokia, zikalala juu ya sakafu ya saruji kwa miezi. Humo ndimo mtoto wa mwisho wa huyu mama mfua nguo alipoanza kukohoa. Alikuwa na miezi minane. Barabara ya kwenda zahanati ilikuwa imefungwa kwa magogo na vijana wenye mapanga. Mtoto alifia mgongoni mwa mama yake wakiwa bado wanabembeleza wapitishwe.

Mtaani anaitwa Mama Watano. Watoto alionao sasa ni wanne. Jina hataki libadilishwe.

"Nilizaa watano," anasema. "Anayetaka kuhesabu upya aje ahesabu mbele yangu."

Sista Mwiko ndiye aliyemwosha yule mtoto. Anapofika hapo katika kusimulia, anaacha kazi, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu.

"Watu walitegemea niseme nilihuzunika. Nilihuzunika, ndiyo. Lakini zaidi nilikasirika. Paroko aliniambia tuwe na subira, subira huvuta heri. Nikamwambia, Padri, hii ya kwetu inavuta majeneza. Kesho yake nikafungua stoo ya vifaa."

Alikwenda na Mama Watano na wanawake wengine wachache kwenye kiwanja kilichoungua. Walizoa majivu, wakachimba msingi palepale pa zamani. Ukuta ulipofika magotini, walitokea vijana wakiongozwa na mtu aliyejiita Kamanda, kinyozi wa zamani aliyekuwa amepata bosi mpya na miwani mipya.

"Sista, hapa hapajengwi," alisema.

"Basi nionyeshe panapojengwa."

"Hawa hawarudi. Wakubwa wameshasema. Na wewe si wa hapa, usijitafutie makubwa."

"Mwanangu, ukuta huu nao si wa hapa? Mbona udongo wake ni wa hapahapa?"

Vijana waliuangusha kwa mateke. Wanawake wakarudi ukumbini wakilia. Siku iliyofuata Sista akawa wa kwanza kufika kiwanjani. Waliujenga tena, ukaangushwa tena, safari hii na vifaa vikachukuliwa: mabeleshi, karai, hata kamba. Rafiki mmoja wa parokia alimkumbusha kwa upole kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba labda ufa wenyewe ungezibwa kwa mazungumzo na wakubwa.

"Nikamwambia, sawa, mimi kujenga ukuta ndiyo kazi yangu. Wa kuogopa methali hiyo si mimi."

Kilichomtisha hasa hakikuwa Kamanda. Kilikuwa simu kutoka makao ya shirika. Mama Mkuu aliamuru watawa wote watatu waondoke, gari linakuja. Sista Mwiko aliweka nadhiri ya utii akiwa na miaka ishirini na moja na anasema hajawahi kuivunja. Usiku ule hakupata usingizi.

"Wenzangu wawili walifungasha. Siwalaumu, bunduki zilikuwa zinasikika. Mmoja tunaandikiana mpaka leo. Mwingine alisimama mlangoni akaniambia natafuta sifa. Hatujaongea tangu siku hiyo, na hilo linaniuma kuliko mkono huu."

Aliomba kitu kimoja tu. Kwamba Mama Mkuu aje mwenyewe, awaambie kina mama wa ukumbini kwa kinywa chake kwamba Sista wao anaondoka.

Mama Mkuu alikuja, bibi wa miaka sabini na tisa, na fimbo yake. Alisimama katikati ya ukumbi, kati ya magodoro, vyungu na nguo zilizoanikwa juu ya viti vya kwaya. Hakuhutubia. Mama Watano anasema walimwona akizunguka akiuliza kila mtoto jina lake, na kila alipotajiwa jina, alilirudia polepole kama mtu anayejifunza somo gumu.

Kisha akamgeukia Sista Mwiko mbele ya watu wote.

"Nimekuja na gari kukuchukua," alisema. "Wewe ni mkaidi, na ukaidi wako nitauungama mimi kwa sababu nimeulea. Sasa nakuamuru ubaki. Na ukifa, sitakusamehe."

"Nikamjibu, nimetii, Mama," anasema Sista Mwiko, na anacheka mpaka anakohoa. "Hakuna amri niliyowahi kuitii haraka kama ile."

Mara ya tatu waliingia kiwanjani wanawake thelathini na matofali na saruji, kila mmoja akaketi juu ya msingi wa nyumba yake. Kamanda alikuja na vijana zaidi na vyuma. Aliwaamuru wainuke. Hakuna aliyeinuka. Kijana mmoja, pengine kwa hofu tu, alizungusha nondo ikampiga Sista kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Walioketi karibu walisikia mfupa ukivunjika.

"Nilitaka kupiga kelele," anasema. "Kinywa kilipofunguka, kikatoa jina la Mama Watano. Nikamwambia, shika mwiko."

Mama Watano alikuwa amezoea kubeba maji na mchanga tu; hakuwahi kuweka tofali maishani mwake. Aliinuka, akachukua mwiko, akachota saruji, akaweka tofali mbele ya macho ya vijana wote wale. Lilikuwa limepinda. Akachukua la pili.

"Nililigonga hivi, kama Sista," anaonyesha. "Nikasema moyoni, mtoto mmeshanichukulia, nyumba mmeshachoma. Mnataka nini tena, jasho? Njooni mlichukue."

Hapo ndipo milango ya ng'ambo ya barabara ilipoanza kufunguka. Wa kwanza kutoka alikuwa bibi muuza mkaa, mtu wa upande wa kina Kamanda, aliyekuwa amefunga dirisha siku nyumba zinaungua. Alivuka na beseni la maji ya kuchanganyia saruji, akaliweka chini, akamtazama Kamanda.

"Mimi si wao," alisema. "Lakini nimechoka kunusa moshi. Na wewe nilikukanda mgongo ukiwa mtoto mchanga, kwa hiyo usinitolee macho."

Wakatoka wengine, si wote. Vijana waliangaliana. Mmoja alisema ana njaa. Wakaondoka wakitukana, na ukuta ukabaki.

Leo nyumba arobaini na moja kati ya sitini na mbili zimesimama tena, na hii anayoijenga asubuhi hii ni ya arobaini na mbili. Familia nyingine zilishahamia mbali na hazitaki hata kusikia jina la mtaa. Nyingine bado zinasubiri zamu ukumbini.

Wala mambo hayajaisha. Kila baada ya muda huja maofisa wa mji na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya kubomoa kwenye kuta. Wakishaondoka, kina mama huchukua chokaa na kupaka juu. Kesi ya viwanja iko mahakamani, ikisimamiwa na wakili wa kujitolea, na hakuna anayejua itaishaje.

"Wanapaka, tunapaka," anasema Mama Watano. "Kuta zetu sasa ni nene kwa rangi tu."

Kamanda naye yupo. Amerudia kunyoa watu pale juu barabarani. Hajawahi kuomba msamaha. Sista Mwiko humsalimu kila wanapopishana, naye huitikia akitazama pembeni.

"Namwombea kila siku kwa jina lake," anasema Sista. "Watu wanafikiri mtawa anasamehe kama anavyobonyeza swichi. Mimi bado niko kwenye sala. Nikifika, nitamwambia."

Na Mama Watano?

"Salamu yangu hajaipata. Na haipo njiani."

Daktari amemkataza Sista kunyanyua vitu vizito. Amekubali nusu: wanawake tisa sasa ni waashi kamili, wanaitwa hadi mitaa ya matajiri kujenga uzio, na wanalipwa sawa na wanaume kwa sababu wanakataa kuanza kazi kabla ya kukubaliana. Mama Watano ndiye msimamizi wao. Kufua nguo za watu ameacha.

Mchana, wakati wa kupumzika, Sista Mwiko anampeleka mwandishi wa makala haya kwenye kiwanja kitupu jirani na tanuri. Kamba zimeshavutwa kati ya vigingi. Anataka kujenga hapo kituo cha kulelea watoto wadogo wakati mama zao wako kazini, chenye chumba cha nesi na dawa, ili siku barabara ikifungwa tena, mtoto asifie njiani. Na hataki kiwe cha chini kama nyumba nyingine.

"Ghorofa," anasema, na kuinua kidole pekee cha mkono wa kushoto ambacho bado kinanyooka tangu mkono uvunjwe.

Anaulizwa kama haogopi kwamba kitabomolewa, kwa kuwa hata kiwanja chenyewe kimo katika kesi.

"Nyumba ya chini kijana anaiangusha kwa mateke, nimeona. Ghorofa itabidi walete mtambo, na mtambo una kelele, na kelele zikianza tutakuwa tumeshajaa ndani, sisi na watoto." Anavaa shela vizuri, anaokota sululu. "Msingi unaanza Jumatatu. Rudi mwakani, nitakupandisha ngazi."