Gari la Zimamoto Lililosukumwa Mazikoni

Naikumbuka siku tuliyomzika Bibi Dorothy, mwanangu Zuhura, na leo naikumbuka kwa hasira, tena hasira yenyewe umenitia wewe. Jana ulikuja hapa, ukakaa kwenye kochi langu, ukala pilau yangu, halafu ukaniambia Jumamosi kamati yenu ya zimamoto inapiga kura kuliuza lile gari kuukuu. Anunue mwenye mkahawa wa mji jirani, Alexandria, alikate nyuma, aweke kaunta ya bia. Nikakuuliza, na wewe utanyoosha mkono? Ukanijibu kwa Kizungu, kama kawaida yenu, kwamba ni gari tu.

Gari tu! Ebo! Kaa kitako basi nikusimulie, na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa kijana, sina hata mwaka tangu nitoke Tanga kuja huku ughaibuni. Mchana nasoma chuo kikuu pale College Park, usiku nalala kituoni kwenu hapo, maana kituo kilikuwa kinawapa kitanda wanafunzi waliojitolea kuzima moto. Gari lile hata wakati huo lilikuwa limeshastaafu. Jekundu, kengele ya shaba mbele, ngazi za mbao ubavuni. Serikali haikulinunua, mwanangu. Walilinunua watu wa mtaa, na kinara wao ndiye huyo Bibi Dorothy, aliyekaanga samaki kila Ijumaa uwanja wa kanisa, akauza, mpaka gari likapatikana. Wako watu wanapumua leo mtaani hapo kwa sababu ya samaki wa yule mama. Lilizima moto miaka na miaka, na lilipochoka likabakiziwa kazi moja: mtu wa kituo akifa, ndilo linalombeba mpaka makaburini. Hiyo ndiyo desturi ya wazimamoto, unaijua, au nayo mmeshaipigia kura?

Basi Bibi Dorothy akafa. Asubuhi ya maziko, jeneza limeshawekwa juu, gari likakataa kuwaka. Mwenyekiti wa siku zile, bwana mmoja mtanashati mwenye haraka zake, akatazama saa. Akasema jeneza literemshwe, lije gari la kukodi, kwani marehemu atajua nini.

Mzee Walter, aliyeliendesha gari lile tangu likiwa jipya, alikuwa mtu mpole, sauti yake huisikii mpaka umsogelee. Siku hiyo alifoka.

"Huyu mama alilibeba gari hili kabla halijambeba yeye! Haliwaki? Mikono si mnayo? Sukumeni!"

Tukasukuma. Jamani, lile gari ni zito! Kufika kona ya pili watu wanahema, wengine wamekaa kando ya barabara. Nikamwambia Mzee Walter pale kwenye usukani kwamba kwetu jeneza halibebwi na watu wale wale. Unakwenda hatua chache, mwingine anakupokea, thawabu wanagawana wote. Akawapigia kelele wenzake, "Fanyeni anavyosema huyu!" Wakaanza kupokezana. Wenye maduka wakatoka, na dereva wa basi aliyekuwa nyuma yetu, badala ya kupiga honi, akashuka akatia bega. Hata mwenyekiti mwenyewe alisukuma, suti imeloa jasho. Ndivyo Bibi Dorothy alivyofika na gari lake.

Leo nyinyi mnataka watu wamwagie bia pale palipolala jeneza lake. Kweli shukrani ya punda ni mateke! Mna gari jipya linalong'aa, sawa, nami nalifurahia, lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Halafu mmemuuliza nani? Mzee Walter yu hai. Yuko kitandani kwa binti yake kule mji wa Falls Church, miguu imekwisha, na kila nikienda kumtazama swali lake ni lile lile: "Gari langu linaendeleaje?" Anajua ndilo litakalompeleka. Siku zote namjibu halijambo. Nikienda Jumapili nitamjibu nini, Zuhura? Limekuwa baa? Astaghfirullah.

Nasaha yangu ni hii, nawe waambie na wenzako. Kitu kilichopatikana kwa jasho la wengi hakiuzwi na wachache waliokikuta. Na kabla hujaamua kitu hakina maana, nenda kwa yule anayekingojea. Nenda kabla ya Jumamosi. Kaa kando ya kitanda cha Mzee Walter, mshike mkono, umwambie kwa Kizungu chako hicho kizuri kwamba ni gari tu. Ukiweza kulitamka neno hilo, kapige kura yako utakavyo, mimi sitakuuliza tena.

Wala sikulaani, mwanangu, hasira yangu haifiki huko. Mungu akulinde, akupe umri mrefu na moyo wa kukumbuka, na siku gari lako litakapokataa kuwaka, akujaalie watu wa kulisukuma.