Mruko wa Pili wa Riziki

Harufu ya usumba wa makumbi ya nazi ulioloa ukaanikwa juani ndiyo inayonirudisha Bongwe, kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi. Hatukuwa na mikeka ya jimnastiki. Tulipanga mchangani magodoro makuukuu ya usumba, nyuzi zimechomoza ubavuni, na juu yake dada yangu Riziki alikimbia, akapinduka hewani, akatua wima bila kuyumba. Mwalimu Mutua, aliyetufunza, alisimama pembeni ili amshike kiuno endapo angekosea. Msimu ule wote wa mazoezi hakuhitaji kumshika.

Mashindano yalifanyika Msambweni. Riziki aliruka vizuri hata watoto wa shule nyingine wakampigia makofi. Kisha alama zikasomwa, na zake zikawa za chini kabisa. Mwalimu Mutua alikwenda kwenye meza ya waamuzi akauliza, kwanza kwa upole, halafu kwa ukali. Wakashauriana, wakakiri kwamba huenda majina yalichanganywa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika, wakaamua Riziki arudie. Wakati huo alikuwa amekaa juani muda mrefu, hajala, mwili umepoa.

"Mwalimu, miguu imeniisha nguvu," alimwambia.

"Mara hii tu, mwanangu. Waone wenyewe."

Akakimbia. Mwalimu bado alikuwa akiwatazama waamuzi. Alipogeuka, Riziki alikuwa tayari hewani, na hakuwa amepaa vya kutosha. Badala ya kiuno, mwalimu akaudaka mkono. Mwili ukaenda huku, kiwiko kikabaki kule. Niliusikia mlio wa mfupa nikiwa nimepakata viatu vyake. Mtu mzima mmoja akaja mbio, kwa nia njema, akauvuta ule mkono ili aunyooshe. Hapo ndipo Riziki alipolia.

Mkono haukunyooka tena. Baada ya siku chache mwamuzi mmoja alikuja nyumbani, akatueleza kwamba alama za Riziki zilisomwa kwa jina la mtoto mwingine. Kwa mruko wake wa kwanza, yeye ndiye aliyeshinda. Baba alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho.

"Alama mmezisahihisha," akasema. "Na huu mkono je?"

Mgeni aliaga akaondoka. Mwalimu Mutua naye aliomba uhamisho akaenda Kinango. Kila Idi alituletea salamu.

Leo binti yangu anafanya mazoezi Diani, juu ya mikeka minene. Kila mruko hurekodiwa, na mwamuzi akiingiwa na shaka huutazama upya, mtoto akiwa ameketi anakunywa maji. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mruko wa kwanza wa Riziki haukupigwa picha na yeyote. Binti yangu anamjua mama yake mkubwa kwa mkono uliopinda, usioweza kufika kichwani kufunga mtandio. Nikimsimulia jinsi alivyoruka, hunisikiliza kwa adabu, kisha humtazama Riziki, na ninaona kwamba haamini. Riziki naye husikiliza tu, kana kwamba ninamzungumzia mtu asiyemjua.