Darasa la Saa Nane Mchana

Mwaka ule wa mvua kubwa, kipindupindu kilipoingia Kwale, chuo kilitutawanya sisi wanafunzi wa utabibu tukasaidie kwenye zahanati, mmoja huku, mwingine kule. Mimi nilipelekwa Mkongani. Kisha barabara zikakatika, na mwalimu wetu akabaki upande wa Msambweni.

Hakutuacha. Kila siku saa nane mchana alitufundisha kwa redio ya mawasiliano, sanduku la chuma lililokaa mezani na kula betri ya gari. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe, ukimaliza unasema "ova", unakiachia, unasikiliza. Wenzangu wote, kila mmoja kwenye zahanati yake, walisikia kila neno. Ukikosea, umekosea mbele ya wilaya nzima.

Sanduku lile lilinikosesha raha. Nilitaka sana kujua mtu anafundishaje kupima mgonjwa asiyemwona. Nilikuwa mbishi, na kusema kweli niliingoja kwa hamu siku atakayoshindwa.

Siku ya nne bibi mmoja aliletwa juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa leso mbili. Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, alikuwa ametoka kwenda kutia dawa visimani, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nikamwamkia nilivyolelewa kwetu Kombani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi, sijambo. Na nyinyi hapa mu wazima?"

Saa nane ilikuwa imewadia. Nikabonyeza kitufe, nikaeleza kwamba nina mgonjwa mzee, anaharisha tangu alfajiri, hajambo, nitampa maji ya chumvi na sukari anywe. Ova.

"Nani amesema hajambo?" mwalimu akauliza. Alikuwa mtu wa bara, hakuwa na muda wa kubembeleza.

"Mwenyewe, mwalimu. Ova."

"Mimi huko sina macho. Macho yangu ni wewe. Mfinye ngozi ya tumbo, uiachie, kisha uniambie unachokiona. Ova."

Nikafinya. Ngozi ikabaki imekunjana vile vile, kama haina maji tena. Nikatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, sikupata kitu. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, nami nilikuwa nimesimama pale napokea salamu. Mtu wa kwetu hata akiwa anakata roho atakwambia hajambo, ndiyo adabu. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado niliichukua adabu yake nikaiandika kwenye kadi kama kipimo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikabonyeza kitufe, nikamweleza yote niliyoyaona.

"Utamtia dripu," mwalimu akasema. "Wengine nyamazeni. Ova."

Nilikiri kwamba nilikuwa nimewahi kuchoma mkono wa mpira wa mazoezi chuoni tu. Hakuna aliyenicheka. Akaniambia niuache mkono wa bibi uning'inie, niufunge juu ya kiwiko, na mshipa nisiutafute kwa macho, niutafute kwa ncha ya kidole.

"Unahisi nini? Ova."

"Kitu chembamba, kinateleza. Ova."

"Ndio huo."

Nikakiweka kipaza sauti chini, maana sindano inataka mikono miwili. Wakati wa kuchoma tukawa wawili tu, mimi na bibi. Mara ya kwanza nilikosa. Mara ya pili nilikosa pia. Bibi hakugutuka wala kusema neno, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele yoyote. Mara ya tatu damu ikaonekana kwenye mpira wa dripu, nikafungua maji yakakimbia.

Alasiri, kwenye mfuko wa tatu, niliyapata mapigo. Bibi akafumbua macho, akautazama mkono wake uliovimba.

"Mwanangu, huu waniuma. Ni nani aliyekufundisha kuchoma sindano?"

Nilifurahi mno kusikia akilalamika, machozi yakanitoka. Nikamwonyesha lile sanduku. Akalitazama kwa makini, kisha akanitazama mimi.

"Hilo limekuona ulivyonichoma?"

"Halikuniona, bibi."

Akauvuta polepole ule mkono mwingine, uliokuwa mzima bado, akauficha ndani ya leso.