Shangazi wa mkwe alivyotia magadi kwenye ngai-ngai yangu

Wakuu habari za huko. Na nyinyi watoto mnaojiita wakuu, nawasalimu pia.

Mimi ni bibi wa Bwera, huku mpakani Uganda na Kongo. Shule nilisoma kidogo, spelling muniachie. Uongo siandiki, ni kazi nyingi.

Iko mboga inaitwa ngai-ngai. Majani yake ni chachu, ukitafuna jicho moja linajifunga. Unapanda mara moja, unakata, inarudi. Kijiti nilipewa na mama mumoja Mukongomani sokoni, sasa imejaa nyuma ya nyumba. Ukiipika na samaki ya Kahendero, limau ya nini?

Sasa, mjukuu wangu Masika alipata mchumba wa Rukoki, upande wa Kasese. Wakwe wakaja kuongea. Nikawapikia ngai-ngai na samaki.

Shangazi wa kijana, Kabugho, akaingia jikoni kusaidia. Wakuu, mkwe akisaidia anachunguza. Mnajua.

Nikatoka kusalimia wazee. Mara kelele za Kabugho.

"Sumu! Chungu inatapika! Muje muone!"

Kweli, povu ilikuwa inapanda, inamwagika, inazima moto.

Wazee wakasimama. Mkubwa wao, mzee Bwambale, alishavaa kofia. Masika iko mlangoni, machozi tayari. Mutoto akiitwa mchawi kabla hajaitwa bibi ya mutu, hapo hakuna ndoa.

"Kaeni chini. Wote."

Marehemu mume wangu alikuwa askari. Hiyo sauti aliniachia mimi.

Wakakaa.

Nikachota, nikala mbele yao. Ladha ya sabuni. Nikameza. Nikamwangalia Kabugho.

"Umetia magadi?"

"Sasa mama, mboga gani inapikwa bila magadi?"

Kwa haki yake, hapa kwetu mboga ngumu tunatia magadi ya Katwe ilainike. Hata mimi kwa sombe, majani ya muhogo, natia. Lakini ngai-ngai ni chachu. Chachu na magadi wakikutana wanapigana.

Wazee hawakuamini. Nikakamua majani mabichi kwenye kikombe, nikampa Kabugho magadi atie kwa mkono wake mwenyewe.

Povu ikapanda mpaka kwenye vidole vyake.

Mzee Bwambale akavua kofia. "Kumbe mchawi tumekuja naye. Mama, iko chakula ingine?"

"Iko hiyo hiyo. Dada yenu ndiye amepika."

Wakala yote, wakuu. Hakuna aliyeacha hata mfupa. Kabugho alipewa sahani ya kwanza.

Masika sasa iko Rukoki, kwake. Alienda na vijiti vya ngai-ngai, na Kabugho amepanda. Juzi kanipigia simu: "Mama, chumvi natia mwanzo ao mwisho?"

Nikamwambia mwisho. Chumvi, Kabugho. Chumvi.

Nilichojifunza: ukiingia jiko ya mutu, mdomo uulize kabla mkono haujafika kwenye chungu.

Haya, nani mwingine wakwe walimwingilia jikoni? Aseme. Wa matusi anyamaze, mimi nasoma zote.