Sabuni Kwenye Upinde

Baba alipiga fidla miaka hamsini na mbili, na watu walimzoea kwa jina la Nyuzi Nne mpaka wakasahau alilopewa na mama yake. Mwaka wa mwisho kidole chake kidogo cha kushoto kilianza kufa ganzi. Kila asubuhi alijifungia stoo kurudia kile kipande kirefu anachopiga peke yake, nami jikoni nilijua atakwama wapi kabla hajakwama. Siku nyingine alipita salama. Siku hizo hata chai aliinywa kwa mbwembwe.

Bendi ikamwandalia onyesho la kumuaga.

"Nataka kuaga kwa mkono wangu, mama," aliniambia. "Wakizomea, wanizomee mimi."

Kiongozi wa bendi, ambaye Baba ndiye aliyemfundisha kushika upinde, aliniita pembeni.

"Dada, mzee atatuaibisha. Mpake sabuni, halafu kipande chake upige wewe."

Sikuuliza sabuni gani. Mbinu hiyo ilikuwa ya Baba mwenyewe. Singa, zile nywele za upinde, hupakwa utomvu mkavu ili zikwaruze nyuzi; ukizipaka sabuni zinateleza kimya. Mwanafunzi dhaifu akipangwa kwenye onyesho kubwa, Baba alimpakia sabuni, mtoto akapeleka mkono kama wenzake, wazazi wakafurahi. Nyumbani tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nilikubali kwa sababu nisingeweza kuusikia ukumbi ukimzomea. Na niseme ukweli wote: niliona haya kwa ajili yangu pia, maana na mimi ni mpiga fidla na watu wanajua ni binti wa nani. Dakika za mwisho, alipokwenda kusalimia wageni, niliufuta upinde wake kwa kitambaa na kuupaka sabuni.

Zamu yake ilipofika alisimama, akavuta upinde. Hakikutoka kitu. Mimi, nyuma yake, nilikuwa nimeshaanza. Mgongo wake ulikakamaa, kisha mkono ukaendelea, maana hakuwa mtu wa kuharibu onyesho. Kutoka kitini kwangu niliuona mkono wake wa kushoto wote. Kile kidole kidogo kilishuka kila mahali kilipotakiwa kushuka. Hakikukosa hata mara moja. Mimi nilikosa mara mbili.

Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo aliifuta fidla taratibu, akailaza kwenye kasha.

"Umepaka upinde mzima," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi watoto nilikuwa nawaachia kidogo pale kwenye ncha, bila sabuni. Wajisikie wenyewe, hata kidogo."

Akafunga kasha, akatoka kwenda kupigwa picha na wageni.