Mashine Iliyokaa Eda

Siku niliyotoka eda, shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuja kwangu mtaa wa Ufukoni kunijulia hali. Chai haijapoa, akaanza habari za mashine ya boti. Alikwisha kuijaribu mimi nikiwa ndani, akavuta kamba mpaka bega likamuuma, na haikuwaka.

"Shemeji, la kuvunda halina ubani," akasema. "Ijumaa baada ya sala naja na mtu, aichukue akatoe vipuri."

"Na samaki wa kambi za wavuvi za mto Ruvuma nitawafuata kwa miguu?"

"Utanunua hapa hapa sokoni, kama wenzio."

Hasira zilinipanda. Mume wangu alishika usukani, nami nilipatana bei na wavuvi. Akichoka, usukani nilishika mimi. Biashara ile ilikuwa yetu sote wawili. Nikamwambia ikiwaka kabla ya Ijumaa, haiendi popote. Akacheka, akakubali.

Nikaifunga kwenye kibao uani, propela ndani ya pipa la maji, maana kuiwasha kavu ndiyo kuiua kweli. Nikaanza na mafuta ya tangini. Yalinuka kama rangi ya mbao, nikayamwaga, nikachanganya petroli mpya na oili. Kimya. Nikafungua plagi, nikazikuta zimelowa na kushika masizi. Nikazisugua kwa msasa, nikaziegemeza kwenye chuma, nikavuta kamba: cheche ikaruka. Basi moto upo. Nikazirudisha, nikavuta tena. Ikakohoa, ikafa. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, na jirani akachungulia juu ya ua.

"Mama, iache ipumzike!"

"Imepumzika vya kutosha!"

Jibu langu mwenyewe likanisimamisha. Kila tukirudi pwani, mume wangu alichomoa mpira wa mafuta, akaiacha mashine ingurume mpaka inywe tone la mwisho na kuzimika yenyewe. Safari ile ya mwisho alirudi anatetemeka kwa homa. Aliizima kwa kitufe tu, nikamshika mkono tukaenda nyumbani. Mafuta yakabaki ndani ya kabureta, yakakaa eda pamoja nami. Nililia pale pale, bisibisi mkononi. Nilipomaliza kulia nikaifungua.

Ndani mlikuwa na utando wa kahawia, unanata kama mafuta ya maganda ya korosho. Nikaosha kwa petroli, nikazibua vitundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, nikapuliza, nikainua juani mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Kisha nikafunga kila kitu na kushika kamba.

Ijumaa shemeji alipoingia na mnunuzi wake, maji ya pipa yalikuwa yakirukaruka na ua mzima umejaa moshi. Mnunuzi akaaga akaenda zake. Shemeji akasogea, akanyoosha mkono kuushika mpini wa usukani.

"Alhamdulillahi! Basi nitakuwa nakuendesha, shemeji."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini, na sikuutoa. Nilikuwa nimeogopa sana wiki ile, na hofu ilikuwa imekwisha.

"Kesho alfajiri nakwenda mdomoni mwa Ruvuma," nikamwambia. "Ukipenda, njoo."

Alikuja. Alisimama majini kitambo, akinitazama nilivyokaa nyuma ya boti, mkono kwenye mpini. Kisha akapanda, akakaa mbele.