Ndizi ya Mchana wa Ramadhani

Umewahi kummenyea mtu ndizi nawe umefunga? Mbeba fimbo wa gofu, mtoto wa Buguruni, hufanya hivyo Ramadhani nzima. Kila baada ya mashimo machache humpa mzee anayemchukulia fimbo ndizi au korosho za kumtia nguvu, kisha hufuta vidole kwenye nyasi asije akavilamba kwa mazoea. Kwao anayejificha ni yule anayekula mchana, husemwa anakula kobe; yeye swaumu yake ndiyo huificha kama kosa, maana wachezaji wakijua, kazi atapewa aliyeshiba. Siku moja mzee alimnyooshea korosho.

“Kula bwana, usije ukaniangukia.”

“Nimefunga, mzee.” Ulimi ulishateleza. Akaukumbatia mkoba wa fimbo kama anayenyang’anywa.

Asubuhi iliyofuata mzee alimkabidhi mkoba uleule, kisha akaenda kujibanza nyuma ya mti, akala ndizi yake harakaharaka.

“Mzee, unakula kobe!” mbeba fimbo akamwita, kicheko kikimtoka.